Kitabu cha Picha na Mtoto wa Kibarua

(Mazungumzo na wazazi waliohitimu kisomo)



Juzi niliwakuta watoto wetu wanamzomea mwenzao: "Mtoto wa vibarua! Huna kwenu!" Baba yake amekuja kukata miwa. Sikuwachapa. Niliwaita kivulini, nikafungua kitabu cha picha.

Kitabu hicho alikitunga Pat Mora wa Marekani, kikatoka mwaka 1997. Jina lake ni Tomás and the Library Lady. Ni cha Kiingereza, lakini picha hazina Kiingereza. Nilionyesha, nikasimulia kwa Kiswahili.

Tomás Rivera alikuwa mtu kweli. Alizaliwa Texas mwaka 1935, wazazi wake wenye asili ya Mexico. Walikuwa wakisafiri mpaka jimbo la Iowa kuvuna mazao ya wengine, kisha wanarudi. Katika kitabu, mama wa maktaba anamwazima Tomás vitabu kwa jina lake yeye mwenyewe, naye anakwenda kuwasomea jamaa zake. Mwaka 1979 kibarua huyo akawa mkuu wa chuo kikuu huko Riverside, California. Alifariki mwaka 1984, na maktaba ya chuo hicho ina jina lake.

Sasa, namna ya kusoma. Usikimbilie maneno. Funua picha, uliza: "Unaona nini? Hawa wanakwenda wapi? Wameacha nini nyumbani?" Halafu nyamaza. Sisi wazazi kunyamaza hatuwezi, ndiyo shida yetu! Mtoto mmoja aliniuliza, "Mbona wanavuna wao, na mazao si yao?" Hilo si swali la kitoto.

Nikawaeleza habari za manamba. Wazee wetu wengi walitoka Kigoma, Songea, hata Msumbiji, kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Mtu alipewa namba, ndipo likaja jina hilo la manamba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, tangu mwaka 1944 hadi 1965. Basi miongoni mwa waliokuwa wakizomea, wawili ni wajukuu wa manamba. Hawakujua. Nani angewaambia, kama si sisi?

Na kama kitabu huna, chukua kijiti uchore mchangani: nyumba, lori, shamba.

Siku ile nilimpa kijiti yule mtoto wa mkata miwa. Akachora mlima na ng'ombe watatu. Wenzake wakainama, wakamwuliza majina ya ng'ombe.