Mlango wa Shule Ulipokuwa Mwembamba



Leo tuzungumze habari za shule katika nchi moja ya mbali. Nchi hiyo ni Trinidad na Tobago. Ni visiwa viwili katika Bahari ya Karibi, karibu na Venezuela. Watu wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wa Wahindi walioanza kupelekwa mwaka 1845 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Waingereza waliwatawala hadi tarehe 31 Agosti, 1962.

Mwaka 1859 serikali ya kikoloni ilianzisha shule ya sekondari ya wavulana mjini Port of Spain. Tangu mwaka 1870 inaitwa Queen's Royal College. Kusoma pale kulitaka karo. Mkata miwa angeipata wapi? Mtoto wa maskini alikuwa na njia moja: ashinde mtihani, serikali imlipie. Na nafasi hizo zilikuwa chache mno.

Basi, wako waliopenya. Tuwataje watatu.

Wa kwanza ni C.L.R. James, aliyezaliwa mwaka 1901. Baba yake alikuwa mwalimu. James alishinda mtihani ule angali mdogo, na baadaye akafundisha katika shule ile ile. Mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya watumwa wa Haiti waliojikomboa wenyewe.

Wa pili ni Eric Williams, aliyezaliwa mwaka 1911. Baba yake alifanya kazi posta, na nyumbani walikuwa watoto 12. James alikuwa mmoja wa walimu wake. Williams alishinda nafasi ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1944 alitoa kitabu kueleza jinsi faida ya utumwa ilivyosaidia kujenga viwanda vya Waingereza. Nchi ilipopata uhuru, yeye ndiye alikuwa Waziri Mkuu.

Wa tatu ni V.S. Naipaul, aliyezaliwa mwaka 1932 katika ukoo wa Wahindi wale. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel kwa uandishi wa vitabu.

Tunawasifu? Ndiyo, tunawasifu sana. Lakini ndugu zetu, tusiishie hapo. Tujiulize: wale waliokosa mtihani kidogo tu, walikwenda wapi? Walirudi mashambani, na majina yao hayamo vitabuni. Mlango mwembamba haukuwapa akili hawa watatu. Akili walikuwa nayo. Kazi ya mlango ule ilikuwa kuwazuia wenzao.

Williams aliyajua hayo, maana mwenyewe alipita hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali yake iliondoa karo ya sekondari. Mwaka 1960 ilipatana pia na viongozi wa dini waliokuwa na shule zao: katika kila nafasi 100, nafasi 80 zitolewe kwa kufuata matokeo ya mtihani, si kwa kujuana. Na siku moja kabla ya uhuru aliwaambia watoto wa shule kwamba wamebeba maisha ya kesho ya taifa katika mikoba yao ya vitabu.

Je, mabinti nao? Kamla Persad-Bissessar alizaliwa mwaka 1952 huko Siparia, kusini mwa Trinidad. Alifika umri wa sekondari wakati karo imekwisha kuondolewa. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo.

Kazi haijakwisha. Hata sasa watoto wa huko hufanya mtihani wa kuingia sekondari, na wazazi hugombea shule zenye sifa.

Nasi tuliosoma ukubwani tunajua uchungu wa kukaa nje ya mlango. Kwa hiyo shule ikisifiwa kwa wakubwa iliowatoa, tufurahi, halafu tuulize: na waliobaki nje ni wangapi?

Elimu haina mwisho.