Leo Mzima, Kesho Mgonjwa: Ugonjwa wa Akili na Pesa za Ulemavu



Historia ya haki za walemavu nchini Kenya nitaipita mbio. Sheria ya 2003, mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliouridhia 2008, Katiba ya 2010, na sheria mpya ya 2025: haya mnayafahamu. Kilichonipandisha jukwaani ni kauli ya mwenzangu mmoja wa kitivo, msomi ninayemheshimu sana. Tulikuwa tukijadili kama mgonjwa wa skizofrenia au bipola anastahili fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku. Akacheka. “Leo mzima, kesho mgonjwa,” akasema. “Ulemavu gani huo?”

Kauli hiyo ina wafuasi wengi kuliko mnavyodhani, wengine wakiwa wamekalia viti vya kuamua. Basi niishughulikie.

Kwanza, inagongana na Katiba. Kifungu cha 260 kinapoeleza ulemavu kinataja maradhi, kinataja akili na nafsi, wala hakidai hali hiyo iwe haipumziki. Kinakwenda mbali zaidi: hata pale ambapo ni jamii tu inayomwona mtu kuwa hajiwezi, Katiba inamhesabu. Waandishi wake walijua kwamba mtu aliyewahi kulazwa hospitali ya akili ya Mathari anaweza kunyimwa kibarua akiwa mzima kabisa.

Pili, kauli hiyo inadhani kipindi cha nafuu ndio ukweli na kipindi cha ugonjwa ni bahati mbaya. Kitui ikipata mvua nzuri Novemba, hakuna anayeiondoa kwenye orodha ya kaunti kame. Kwa nini mgonjwa aondolewe kwa sababu alilala vizuri wiki hii?

Hata hivyo, ndivyo mpango wetu ulivyojengwa. Ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, imekusudiwa kaya maskini yenye mtu anayehitaji mtunzaji wakati wote. Kigezo hicho kinamfaa asiyeweza kuinuka kitandani. Yule anayekaa miezi akilima, kisha akauza mbuzi wote usiku mmoja na kutoweka hadi aokotwe stendi ya basi, kinamtazama na kumpita.

Kigezo kinachompita mgonjwa hivyo kiliwahi kufikishwa mahakamani, basi niruhusuni nikae kidogo na kesi ninayoipenda kupita kiasi. Wanafunzi wangu wameshaichoka. Ni Bowen dhidi ya Jiji la New York, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 1986. Kuanzia miaka ya mwisho ya sabini, mamlaka ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo ilikuwa na utaratibu wa ndani, usiotangazwa popote. Mwombaji mwenye ugonjwa wa akili ambao haukufikia ukali ulioorodheshwa katika kanuni alichukuliwa moja kwa moja kuwa anaweza walau kazi isiyohitaji ujuzi. Uwezo wake mwenyewe haukupimwa. Jiji na jimbo la New York walikwenda mahakamani, kwa maana waliokatiwa pesa hawakuyeyuka: waliishia mikononi mwao. Serikali ilijitetea kwamba wengi wa waombaji walichelewa kukata rufaa ndani ya siku 60. Majaji wote kwa kauli moja, kwa kalamu ya Lewis Powell, wakakataa: mtu atakataje rufaa dhidi ya kanuni aliyofichwa? Hukumu hiyo ilitambua pia kwamba mchakato wenyewe wa kuomba na kukataliwa unaweza kumrudisha mgonjwa kwenye hali mbaya. Sijasoma sentensi ya kisheria yenye macho kama hiyo.

Mgonjwa kukataliwa bila kupimwa sawasawa nimekuona hata karibu na nyumbani. Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kufanyiwa tathmini ya ulemavu katika hospitali moja ya serikali. Mkewe alikuwa amempigia pasi shati, kwa kuwa huendi mbele ya daktari ukiwa mchafu. Binamu akajibu maswali kwa adabu, akataja tarehe, akahesabu. Karatasi ikaandikwa kwamba hana tatizo kubwa. Mkewe, aliyekuwa akificha panga mwezi uliotangulia, alikaa kwenye benchi la nje. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Wapo wanaohofia udanganyifu tukiwasikiliza jamaa, nami siwadharau. Familia inaweza kutunga. Wapo hata jamaa wanaomfunga mgonjwa kwa kamba kisha wakajiita watunzaji. Ushahidi wao si wa kuaminiwa kibubusa. Na pesa ni chache, kweli. Ila uchache wake unadai tupange foleni kwa uhitaji, na uhitaji haupimwi kwa asubuhi moja. Nimeyapima yote hayo, na bado nasimama nilipokuwa: aliyelala nyumba moja na mgonjwa anajua jambo ambalo stetoskopu haitalisikia.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa Wizara husika na kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Fomu ya tathmini iulize mwezi mbaya kuliko yote katika mwaka uliopita. Iwe na ukurasa wa mtu anayeishi na mwombaji, asikilizwe peke yake, atie sahihi. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, pamoja na kanuni iliyotumika.