Nasaha kwa Makandarasi: Ulinzi wa Kompyuta za Ofisi



Kampuni ya ujenzi yenye ofisi Kariakoo hulifunga ghala kwa kufuli mbili na kuajiri mlinzi wa usiku, ilhali neno la siri la kompyuta limebandikwa mezani kwa karani. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali upande wa Bara hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kwa hiyo neno hilo limekuwa sawa na muhuri wa kampuni.

Wizi unaoumiza zaidi hauhitaji utaalamu mkubwa. Mwizi huingia katika baruapepe, akasoma kimya kimya, na siku ya kulipia nondo na saruji ikifika humwandikia mhasibu kwa jina la muuzaji kwamba akaunti ya benki imebadilika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mwizi akipatikana. Mafundi nao wanangoja ujira wa Jumamosi. Mhasibu na ampigie kwanza muuzaji kwa namba ya zamani, si ile iliyomo katika barua.

Kampuni isiyomudu mtaalamu wake ifunge mkataba wa maandishi na watoa huduma, utakaotaja nani anatunza nakala za michoro na hesabu, na lini zitajaribiwa. Kijana wa duka la jirani, aitwaye kompyuta ikishaharibika, si mkataba. Nakala zisikae jengo moja na kompyuta. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021. Mtumishi anayeacha kazi afungiwe ruhusa siku hiyo hiyo.