Inzi Mmoja Ndani ya Marhamu

Waingereza wana msemo wao. Jambo jema likiharibiwa na kitu kidogo, husema kuna inzi ndani ya marhamu. Harusi imependeza, chakula ni tele, kisha mvua ikanyesha: mvua ndiyo inzi. Wengi wautumiao hawakumbuki kwamba asili yake ni Biblia, Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa kwanza.

Manukato ya kale yalikuwa mali. Mafuta matakatifu ya Kutoka sura ya 30 yalihitaji shekeli 500 za manemane, 250 za mdalasini, na viungo vingine, pamoja na mafuta ya zeituni. Ilikuwa kazi ya fundi. Lakini inzi akifia ndani ya marhamu, yote hunuka.

Basi angalieni tofauti. Sisi tukiusema msemo huu, inzi huwa ni mvua, au jirani, au mkwe. Inzi wa Mhubiri ni upumbavu kidogo wa mtu mwenyewe, unaoshinda hekima na heshima yake.

Nami namjua inzi wangu. Mwaka mmoja tulifanya harambee ya mabati ya kanisa. Mama mjane akaleta mayai matatu. Nikayainua juu, nikafanya mzaha, watu wakacheka. Jumapili iliyofuata mahali pake palikuwa patupu; na iliyofuata pia. Nilikuwa nimehubiri upendo katika kanisa lile miaka sita.

Nikaenda kwake. Nikasema, "Mama, nimekukosea, unisamehe." Akanyamaza kitambo, akichochea moto. Kisha akasema, "Mchungaji, ulinikosea mbele ya watu, nawe waja kuniomba radhi jikoni?"

Sikuwa na jibu. Jumapili ile nilisimama mbele ya wote, nikaungama kosa langu. Hakuwapo kunisikia, lakini habari zilimfikia. Juma la pili alirudi, akaketi mahali pake.

Ndugu msikilizaji, kabla hujatafuta inzi katika marhamu ya mwenzako, chungulia chupa yako. Ukimwona, usimfunike kwa maneno matamu. Mtoe, na umtoe pale pale ulipomwangusha.

Na tuombe. Ee Bwana, utukumbushe lile neno moja tulilolisema vibaya, utupe na miguu ya kwenda kulitengeneza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.