SIKU NNE MJINI LISBON

Haya ni maneno ya mazungumzo ya mfasiri mmoja wa Serikali, juu ya safari aliyoifanya pamoja na mke wake.

Nimeombwa niwaeleze habari za mapumziko ya siku nne ambayo mimi na mke wangu tuliyafanya mjini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, katika mwezi wa Juni. Wengi waliosikia habari ya safari yetu waliniuliza: Kwa nini Lisbon? Kwa nini msiende London au Paris, miji inayojulikana na kila mtu? Jawabu langu ni fupi. Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa, naye tangu utoto wake amepita chini ya kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Alitaka kuona kwa macho yake watu wale walitoka katika mji wa namna gani.

Lisbon umejengwa juu ya vilima, karibu na mahali ambapo mto Tejo unaingia baharini. Njia zake nyingi ni za mawe, tena ni za kupanda na kushuka; kwa hiyo mgeni na avae viatu vyepesi visivyoteleza. Asiyeweza kupanda hupanda tramu, gari dogo la manjano linalokwenda juu ya reli katikati ya nyumba. Tramu ya namba 28 hupita katika mitaa ya kale, lakini hujaa watu mno, na wezi wa mfukoni wanaijua vizuri kuliko wageni. Sisi tulipanda asubuhi na mapema, tukapata viti.

Katikati ya mji tuliona jambo la kustaajabisha. Mitaa ya juu imepinda kama njia za mbuzi, bali mitaa ya bondeni imenyoka kama iliyopimwa kwa kamba. Sababu yake ni hii. Tarehe 1 Novemba 1755, watu walipokuwa makanisani kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi ilitetemeka sana. Kisha maji yakainuka yakaingia mjini, na moto ukaunguza nyumba kwa siku kadhaa. Maelfu ya watu walikufa. Mji ulipojengwa upya, mafundi waliweka viunzi vya miti ndani ya kuta, ili nyumba itikisike bila kuanguka. Lakini kanisa la Carmo halikuezekwa tena. Mpaka leo matao yake yamesimama wazi chini ya mbingu. Mke wangu alisema kwamba hajaona kumbukumbu ya msiba iliyo bora kuliko ile, kwa kuwa haikuongezwa neno lo lote.

Sasa niseme habari ya chakula, kwani najua wengi mnaingojea. Kwanza jihadharini na jambo moja. Mkiketi mezani, mtumishi huleta mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza kitu. Msidhani ni zawadi ya mgeni. Mkivila mtavilipia, msipovitaka, mwambieni avirudishe, wala hatakasirika.

Chakula wanachokisifu kuliko vyote ni bacalhau, yaani samaki wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Samaki huyo hapatikani katika bahari yao. Tangu zamani wamemfuata mbali, mpaka pande za Newfoundland, na siku hizi wengi hutoka Norway. Hulowekwa kwa siku nzima au zaidi, na maji yakibadilishwa, ndipo hupikwa. Mtu wa pwani aliyezoea ng'onda hatahitaji kufundishwa kumla. Tena, kwa kuwa ilikuwa Juni, mwezi wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, dagaa wakubwa walikuwa wakichomwa juu ya makaa njiani, na moshi wake ukijaza mtaa wa Alfama. Tulikula kwa mikono, juu ya kipande cha mkate, wala hakuna aliyetutazama.

Tulizidi kustaajabu tuliposikia majina ya vyakula. Kuku wa kuchoma alipakwa piri-piri, na jina hilo Wareno walilichukua Afrika. Dukani tuliona sambusa, nao huziita chamuça. Zeituni huitwa azeitona, na sukari huitwa açúcar. Maneno hayo wao na sisi tuliyapata kwa Waarabu, kwa maana Waislamu waliutawala mji huo mpaka mwaka 1147, na hata jina la Alfama ni la Kiarabu. Na sisi je? Meza tuliyolia, leso aliyojifunga mke wangu na bendera iliyopepea mbele ya hoteli, majina yote matatu tuliyapata kwa Wareno. Hivyo watu wawili wa Kenya walikula katika mji wa ugenini, na nusu ya maneno ya mezani waliyajua.

Siku ya tatu tulikwenda Belém, kando ya mto, mahali walipoondokea wasafiri wa zamani. Pana nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501. Sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika kodi iliyotozwa juu ya bidhaa za Afrika na Mashariki. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, pana kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi katika Aprili 1498. Limechongwa kwa mawe meupe, na ubavuni mna sura ya merikebu.

Nilimwomba mke wangu asimame kando yake nimpige picha. Akakataa. Nikamwambia kwamba aliyekufa amekufa, na kwamba muhogo na mahindi tunayoyala yalivuka bahari kutoka Marekani baada ya safari za Wareno. Akanijibu hivi: "Sikatai kutazama, mume wangu. Lakini jiwe hili limechongwa merikebu, halikuchongwa Mombasa ikiungua. Picha yangu na isiongezwe hapa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka saba tu baada ya da Gama kupita, yaani mwaka 1505, merikebu za Francisco de Almeida zilifika pwani yetu. Kilwa ikatekwa, na Mombasa ikatekwa na kuchomwa moto. Mambo hayo yameandikwa hata na Wareno wenyewe. Tulitoka nje, tukazungumza kwa muda mrefu chini ya miti. Tulipatana kwamba watoto wetu wataambiwa habari zote mbili: ustadi wa mabaharia waliovuka bahari wasiyoijua, na moto uliofuata. Anayeambiwa habari moja tu hajaambiwa kweli.

Karibu na hapo pana duka ambalo tangu mwaka 1837 linauza vikeki vidogo vya unga mwembamba, vilivyojazwa mayai, maziwa na sukari. Huliwa vingali moto, na juu yake hunyunyizwa mdalasini. Tulikula vitatu kila mtu. Mdalasini ulikuwa mmoja wa bidhaa ambazo merikebu zile zilizifuata Mashariki. Leo mtoto wa Lisbon huunyunyiza bila kuuliza ulitoka wapi.

Mabibi na Mabwana, kwenda ugenini ni gharama, na visa na nauli si kidogo. Kwa hiyo anayesafiri asitosheke na kurudi na picha tu. Na aulize habari ya kila ukuta, nani aliujenga na kwa mali ya nani. Na aulize habari ya kila chakula, kilitoka wapi. Nanyi mlio mume na mke, msiogope kutopatana mbele ya jambo kubwa. Mimi na mke wangu hatukupatana juu ya picha ile, nasi tulijifunza zaidi kwa mabishano yetu kuliko kwa maneno yote ya viongozi wa wageni. Wazee walisema kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kwamba kuona kwafaa zaidi pakiwa na mwenzi wa kukuuliza.