Kupima Mgawanyo wa Mtandao: Tuhesabu Njia Zilizobaki Wazi

Mkurugenzi wa kampuni ya uwakala wa forodha kule Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, akiuliza kama mtandao wake uko salama, aghalabu husomewa orodha: tuna kanda nne za mtandao zilizotengwa, tuna faiwoli, tuna kanuni mia mbili za kuruhusu au kuzuia mawasiliano. Orodha hiyo inamweleza kilichonunuliwa na kilichoandikwa. Swali lake linabaki palepale: kompyuta moja ikitekwa leo, mvamizi atafika wapi? Hoja yangu ni kwamba sera ya kugawa mtandao ipimwe kwa swali hilo, na jibu lake liwe namba inayoweza kukaguliwa.

Nimeanza na Kurasini kwa sababu biashara ya makontena imeshalipia somo hili. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilienea kutoka Ukraine kupitia M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo kampuni za huko huitumia kwa mambo ya kodi. Kilipoingia Maersk, kampuni ya meli za makontena, hakikukuta pa kukwama: kampuni ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji wake zilifutika dunia nzima, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme! Mwaka uliotangulia, Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81. Wapelelezi walieleza kwamba ilikuwa ikitumia swichi za mtumba za dola 10, haikuwa na faiwoli, na mashine za malipo ya kimataifa hazikutengwa ipasavyo na mtandao mwingine.

Ili kuona namba hiyo inavyohesabiwa, tuchukue ofisi ya kufikirika yenye kompyuta 60. Bila mgawanyo, kila moja inazifikia nyingine 59. Tukizigawa katika kanda nne za kompyuta 15, kila moja inazifikia 14, na kwenye karatasi hatari imeshuka hadi chini ya robo. Sasa fundi wa TEHAMA anaongeza kanuni moja ili kompyuta yake iingie kanda zote, asilazimike kupanda ngazi kila printa inapogoma. Wenzake 14 wa kanda yake bado wanaifikia kompyuta hiyo. Atakayeteka kompyuta ya mmoja wao atapita kwa fundi na kuzifikia zote 59 kwa hatua mbili. Wastani wa ofisi unapanda kutoka 14 hadi takriban 25, na hata wastani huo unaficha ubaya, kwani kompyuta 15 zimerudi kuwa mlango wa ofisi nzima. Ikiwa mapokezi yako katika kanda hiyo, pale ambapo viambatanisho vya barua pepe kutoka kwa watu wasiojulikana hufunguliwa kutwa, mgawanyo wote umebaki jina. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu hatua zote, na kuripoti hali mbaya kuliko zote pamoja na wastani.

Wapo watakaosema vipimo hivi ni vya mabenki, si vya SACCOS ya Mbagala au zahanati ya Tegeta. Gharama ya kugawa mtandao ni ya kweli, lakini kupima kunahitaji kompyuta mpakato, programu ya bure ya kuchunguza mtandao kama Nmap, idhini ya mwenye ofisi na saa chache: unachomeka waya mapokezi, unajaribu kuifikia seva ya uhasibu na nakala rudufu, unaandika kilichoitika. Viwango vya usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, vinadai jaribio la namna hiyo angalau mara moja kwa mwaka kwa anayetumia mgawanyo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haikumsamehe mwenye ofisi ndogo wajibu wa kuzilinda taarifa za watu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba namba huleta utulivu wa uongo. Nakubali kwamba haisemi kama utashambuliwa, wala haimzuii mfanyakazi mwenye ruhusa kuiba. NotPetya pia iliiba nywila na kuzitumia kuingia hata kwenye mashine zilizosasishwa, kwa hiyo nywila moja ya msimamizi inayofanya kazi kila kanda ihesabiwe kama njia. Na kipimo kikiwa cha upande mmoja, ofisi iliyochomoa nyaya zote itapata alama bora huku mizigo ikilala bandarini. Kwa hiyo tuhesabu pia kazi halali zilizozuiwa: karani aliyeshindwa kuona ankara, daktari aliyekosa majibu ya maabara. Hesabu hizo mbili zifike kwa bodi kila robo mwaka, zikiwa na tarehe ya jaribio na jina la aliyeidhinisha kila kanuni ya muda ambayo bado haijafungwa.