Moyo wa Mama Tusiusahau

Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao



Mmetuzoea katika maneno ya mashamba na ya upatanisho. Leo tumekuja na habari ya moyo, moyo huu unaopiga kifuani. Mtuwie radhi, sisi watoto wenu, tukitaja mambo ya wamama mbele ya watu. Tumeona kwamba kunyamaza kunaumiza zaidi.

Familia mbili zilizokaa kiwanja kimoja zilituita tuzisuluhishe. Mama wa miaka 52 alikuwa akiamka usiku, mwili unawaka moto, jasho linamtoka, moyo unapiga mbio, naye anatoka nje kutafuta hewa. Majirani wakasema: anayetembea usiku ni mchawi. Vijana walikuwa wameanza kuokota mawe. Tulipoketi naye pamoja na muuguzi, ukweli ukatoka. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekoma. Tena alikuwa akiishi na virusi vya SIDA kwa miaka mingi, akimeza dawa vizuri, lakini tangu akimbie vita hakuthubutu kuziulizia, kwa kuogopa kujulikana. Muuguzi alipima tansio yake: 180 kwa 110. Ametupa ruhusa kusimulia haya. Jina lake tunaliacha.

Kukoma kwa damu ya mwezi si ugonjwa wala laana. Kwa wamama wengi kunafika kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi ni alama zake. Lakini wakati huo homoni iitwayo estrojeni inapungua mwilini, na homoni hiyo ilikuwa inasaidia kulinda mishipa ya damu. Mafuta mabaya yanaongezeka ndani ya damu, tansio inapanda, mishipa inakuwa migumu.

Virusi vya SIDA vinaongeza mzigo juu ya mzigo. Hata dawa zikivifunga, askari wa mwili wanabaki macho kila siku, na vita hivyo visivyoisha vinachubua mishipa. Utafiti unaonyesha kwamba mtu anayeishi na virusi hivi ana hatari ya ugonjwa wa moyo karibu mara mbili kuliko asiye navyo. Mama aliyefikia umri huu anabeba hatari zote mbili.

Wengine wanauliza: je, si dawa zenyewe zinazoharibu moyo? Mwaka 2006 matokeo ya utafiti uitwao SMART, uliofanyika katika nchi 33 na watu zaidi ya 5,000, yalitoa jibu. Walioacha dawa kwa vipindi walikufa zaidi na kupata magonjwa ya moyo zaidi kuliko walioendelea bila kukatiza. Mwaka 2023 utafiti mwingine, wenye watu wa miaka 40 hadi 75 katika nchi 12, na Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba kidonge cha kupunguza mafuta ya damu kilipunguza magonjwa makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Basi moyo wa mtu mwenye virusi unaweza kulindwa.

Tunajua njia ni ngumu. Mwaka 2025, kambi za kando ya Goma zilipobomolewa, watu walitawanyika, na wengi waliacha nyuma karatasi zao za matibabu. Hata hivyo, ukifika mahali pageni, tafuta kituo cha afya mapema. Ukiwa huna karatasi, mweleze muuguzi dawa ulizokuwa unameza. Usigawane vidonge na mwenzako, wala usivipunguze ili vidumu.

Wamama wenye miaka 40 na zaidi, ombeni kupimwa tansio kila mnapofika kituoni. Ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, inahitaji matibabu. Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa kila mtu, pamoja na ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi. Acheni tumbako na kanyanga. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, uchovu wa ghafla, maumivu ya mgongo au taya: usingoje kesho. Na damu ikikosekana, pima mimba kwanza. Mama wa miaka 45 anaweza bado kuzaa.

Kwenu viongozi: wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nani alimfundisha mama huyu kuficha? Ni sisi, kwa vicheko vyetu na vidole vyetu. Tunawaomba mambo matatu. Msikubali mtu aitwe mchawi kwa sababu ya jasho la usiku. Mtu yeyote asitangaze ugonjwa wa mwenzake. Na mkizungumza na wakubwa wa afya, ombeni kipimo cha tansio kiwe mahali pale pale wanapotolea dawa, kwa mlango mmoja na wagonjwa wote, ili foleni isimtambulishe mtu.

Yule mama amerudia dawa zake, na tansio imeshuka. Familia ya pili iliomba msamaha, ingawa watoto wao hawajarudi kucheza pamoja. Amani hiyo bado tunaijenga, na tunahitaji mikono yenu.